Kipande cha Ngozi ya Mama

Tulimzika mama nyumbani, upande wa Myanga kule Bungoma, akiwa amepungua kidogo. Kipande cha ngozi yake, kisichozidi punje ya mtama, kilibaki kwenye maabara ya mbali, na kwa jinsi ninavyoelezwa kingali hai mpaka leo. Kaka yangu mkubwa hajanisamehe kwa hilo. Mimi nimejisamehe nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayonifanya niandike.

Kwa familia nyingine, kitu kidogo hivyo kisingemgombanisha mtu na nduguye. Kwetu kilitugombanisha, na ili mtu aelewe kwa nini, inabidi nirudi kwenye Jumamosi za utoto wangu.

Jumamosi ilikuwa siku ya kucha. Tukishafua na kuanika, mama alitandika leso yake kuukuu nyuma ya jikoni, akatuketisha sisi wasichana wawili, akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake. Alikata kucha za mikono, akakata za miguu, na kila moja iliyodondoka aliihesabu kwa sauti. Kumi na kumi. Kisha alitufumua nywele, akachana, akatusuka kwa uzi mweusi, na nywele zilizobaki kwenye kitana alizivingirisha kidoleni mpaka zikawa kifundo. Vyote vilikusanywa katikati ya leso. Aliikunja, akaenda nayo hadi choo cha shimo, akavikung'utia humo. Halafu alisimama pale mlangoni kwa muda, kama anayesikiliza kama vimefika.

Ukucha ukiruka kwenye nyasi, hakuna aliyeinuka mpaka upatikane. Nakumbuka alasiri nzima tukiwa tumepiga magoti, vichwa vimesukwa nusu, tunautafuta ukucha wa kidole changu kidogo cha mguu huku viazi vitamu vinaungua jikoni. Dada yangu, mjanja tangu tumboni, alitafuna ukucha wake mwingine akautupa kwenye leso ili hesabu itimie. Mama aliuinua, akautazama, kisha akamtazama yeye. "Huu ni wa mkono," akasema. Tukarudi nyasini. Akina mama wengine jioni walihesabu kuku, wa kwetu alihesabu kucha.

Nikiyakumbuka hayo nacheka peke yangu, kisha moyo unaniuma. Ningetoa mengi niketi tena kwenye leso ile, shingo imepinda, nikifinywa sikio kwa kutotulia, moshi wa kuni ukitujia machoni. Mikono ya mama ilinukia sabuni ya kufulia na vitunguu. Wakati ule niliona anatuchelewesha kwenda kucheza, na sikujua kwamba nitaitamani shughuli ile kuliko mchezo wowote niliowahi kucheza.

Hofu yake haikuwa ngeni kwetu. Watu wengi waliamini kwamba mwenye nia mbaya akipata ukucha wako au unywele wako, amekupata wewe mwenyewe. Lakini majirani walijihadhari juu juu, siku wakikumbuka. Mama alijihadhari kama mtu ambaye nyumba yake ilishawahi kuchukuliwa na maji. Sababu yake niliijua nikiwa mtu mzima.

Ilihusu bibi, mama yake mama, aliyeishi nasi miaka yake ya mwisho. Alikuwa ameuza wimbi, yaani ulezi, sokoni Myanga tangu ujana wake. Akili ilipoanza kumwacha, yeye hakuliacha soko. Siku moja isiyo ya soko alibeba ungo wake mtupu, akaenda akaketi mahali pake pa siku zote, ungo mapajani, akingoja wateja. Mtu wa duka moja la pale alituma habari, na mama alitoka mbio, nami nyuma yake.

Hakumvuta mkono, wala hakumkaripia. Alichutama mbele yake akamuuliza wimbi leo ni bei gani, wakapatana, na bibi akampimia kwa kikombe kisichokuwepo. Mama alipokea kwa ncha ya leso, akafunga fundo, akaomba nyongeza kidogo. Bibi akalalamika kwamba wateja wa siku hizi hawana haya, akaongeza. Waliendelea hivyo mpaka wimbi wote ukaisha ungoni. Hapo bibi alijifuta mikono, akatangaza kwamba leo kumeuzika vizuri, turudi nyumbani. Mimi nilibeba ungo. Nilikuwa na kama miaka kumi, na nilidhani mama anacheza tu.

Siku aliyonieleza ukweli, nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza na yeye amekuja kunilea. Alikuwa anamnyoa mtoto nywele zake za kuzaliwa, akiziweka moja moja kwenye kitambaa. Bila kuinua kichwa, akaanza kunisimulia habari za kifo cha babu.

Babu alipofariki, mama alikuwa msichana mdogo tu. Kwetu, siku chache baada ya mazishi, wafiwa hunyolewa. Bibi alinyolewa uani, na mama ndiye aliyepewa kazi ya kukusanya nywele za mjane na kuzilinda mpaka zifichwe. Ukaja upepo wa mvua. Kulikuwa na mahindi yameanikwa, kila mtu akakimbilia mahindi, na yeye mtoto akakimbia pia. Aliporudi, nusu ya nywele hazikuwepo. Hakumwambia mtu. Alifukia zilizobaki, akanyamaza miaka yote hiyo, na alipoona mama yake anauza wimbi usiokuwepo, akaamini ni kwa sababu ya nywele zile.

"Mimi ndiye niliyepoteza akili ya mama," aliniambia.

Nilijaribu kumwambia kwamba ni uzee, kwamba kuna maradhi ya namna hiyo hata Ulaya ambako hakuna anayekusanya nywele. Alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyefiwa, akaendelea kunyoa. Hatukulizungumza tena. Lakini tangu siku ile nilijua kwamba alipokuwa akihesabu kucha zetu, alikuwa akizitafuta nywele za mama yake.

Mimi niliolewa Kitale, nikapata kazi ya kupima mbegu za mahindi. Kwa miaka mingi nilipanga punje kwenye karatasi yenye unyevu, nikazifunika, nikangoja kuona zipi zitaota. Kazi ile ilinifundisha kwamba mbegu ni waongo. Punje nono inayong'aa inaweza kukataa kuota, na iliyosinyaa ikatoa chipukizi safi. Huwezi kujua mbegu imebeba nini kwa kuitazama, mpaka uioteshe.

Kwa hiyo nilijiona mtu wa sayansi. Hata hivyo, saluni za Kitale zinanijua. Nikishasukwa huomba nywele zangu zilizokatika, nikazifunga kwenye karatasi, nikatia mkobani.

"Anti, ati unaenda kupanda?" wasichana hunicheka.

"Ndio," huwajibu, "kwa sababu hizo zenu za dukani haziwezi kuota."

Kaka, aliyebaki nyumbani kulinda shamba, alinipigia simu asubuhi moja. Hakunisalimia.

"Mama amepatikana soko," akasema.

"Lakini leo si siku ya soko."

"Ndio nakuambia. Alikuwa na ungo."

Sikumuuliza ungo ulikuwa na nini. Kesho yake nilikwenda Myanga, na wiki hiyo hiyo nilimleta mama akae nami Kitale.

Tulikuwa na miezi mizuri mwanzoni, nisiseme uongo. Nilikuwa nampeleka mjini kwenye duka la vitambaa la mzee mmoja Mhindi, ambako zamani alikuwa akija kutoka Bungoma kutununulia sare za shule. Mama alikuwa ameshalisahau jina langu, lakini alishika kitambaa kwa vidole viwili, akakisugua, akasema, "Hii itapauka." Na kweli ingepauka. Mzee yule, ambaye naye mikono ilikuwa inamtetemeka, alikuwa akicheka na kumtolea kingine kutoka rafu ya juu. Walielewana kuliko nilivyoelewana na mmoja wao.

Kilichoniuma kuliko vyote ni lugha. Tangu nizaliwe, mimi na mama tulizungumza Kibukusu. Sasa alianza kunisemesha Kiswahili, kile Kiswahili chake cha sokoni, r ikikaa mahali pa l, alichokuwa akiwawekea wageni na wateja, maana naye aliuza sokoni baada ya bibi. Nikimpa chai, alinishukuru kama mtu anavyomshukuru mwenye hoteli. "Asante sana, Mungu akubariki na kazi yako." Nilikuwa nikiingia jikoni nalia, kisha natoka na mkate.

Kwenye kliniki nilikokuwa nampeleka kupimwa presha, nilikutana na muuguzi mmoja. Alikuwa mama wa makamo, aliyezaliwa shambani huku Trans-Nzoia na wazazi waliohamia kutoka upande wa kati wa nchi. Alikuwa akisaidia watafiti waliokuwa wakizitafuta familia ambazo ugonjwa wa kusahau uitwao Alzheimer umewashika watu zaidi ya mmoja, kama mama na binti yake. Nilipomsimulia habari za bibi na ungo wake, aliweka kalamu chini akanisikiliza mpaka mwisho.

Alinieleza pole pole, na kila nilipouliza alirudia. Kuna jeni ambazo mtu akizirithi, hatari yake ya kupata ugonjwa huu inaongezeka. Si hukumu, alisisitiza, ni hatari tu. Watafiti wanachukua kipande kidogo cha ngozi ya mgonjwa, na kipande kingine cha ndugu yake asiyeugua. Wanazikuza seli za ngozi ile, kisha wanazirudisha nyuma mpaka zinakuwa kama zilivyokuwa kabla mtu hajazaliwa, zikiwa bado hazijaamua kuwa ngozi wala mfupa. Wao wanaziita seli shina. Halafu wanazilea ziwe seli za ubongo, ndani ya kisahani. Ubongo wa mtu aliye hai huwezi kuufungua ukatazama, lakini seli zile unaweza kuziangalia zinavyofanya kazi, zinavyosafisha taka zao au kushindwa, na kuona jeni zimeleta tofauti gani.

"Kwa hiyo zinasahaulishwa kwanza kwamba zilikuwa ngozi," nikasema.

Akacheka. "Unaweza kusema hivyo, anti."

"Na mtajua kama ugonjwa ulitoka kwa bibi?"

"Kwa mtu mmoja siwezi nikakuahidi. Wakiwa wengi, pole pole tutajua. Na mama yako, huyu shosho, pengine hatapona kwa hii, nisikudanganye."

Hilo la kupona nililielewa. Nilichokuwa nakisikia mimi ni kingine. Nilisikia kwamba huenda siku moja mtu mwenye elimu yake atasema ugonjwa huu ulikuwa damuni, ulikuwemo ndani ya bibi tangu azaliwe, na ndani ya mama pia, na upepo haukuhusika. Nilitaka jambo hilo liwe kweli kabla mama hajaondoka. Nililitaka kwa nguvu mpaka likanifanya nikosee.

Muuguzi alikuwa amenieleza utaratibu. Kwa kuwa mama hakuweza kuamua kila kitu mwenyewe, mimi ningeweka sahihi, lakini ilikuwa lazima yeye naye aelezwe kwa lugha anayoielewa, na akionyesha kukataa, basi. Siku ilipofika, mama aliamka na furaha. Muuguzi alimwita shosho, yaani bibi kwa lugha ya kwao, naye akamrekebisha kwa neno la Kibukusu: "Mimi si shosho. Mimi ni kukhu." Wakacheka wote wawili. Mimi nikainama nikamwambia kwa Kibukusu kwamba anadungwa sindano kidogo ya mkono. Sikusema zaidi ya hapo. Mama alipenda sindano, aliamini dawa ya vidonge ni ya wavivu. Alipandisha mkono wa gauni mwenyewe.

"Shosho amekubali?" muuguzi akauliza.

"Amekubali," nikasema.

Sindano ya ganzi ilikuwepo kweli, na kwa hiyo nilijiambia sijadanganya. Kipande kilitoka bila yeye kukunja uso. Nami nilitolewa changu, mkono ule ule wa kushoto. Kwenye karatasi yangu palikuwa na swali kama ningependa kuambiwa lolote kuhusu jeni zangu mwenyewe, na nilitia alama kwenye hapana, haraka, kama mtu anayefunga mlango paka asiingie.

Mama aliisahau kliniki kabla hatujavuka barabara. Nikamshukuru Mungu. Sikufikiria plasta.

Tulikuwa tunakunywa chai ya saa kumi alipoiona. Aliigusa, akaizungusha mkono.

"Nani amenikata hapa?"

"Umejikwaruza, mama."

"Mkwaruzo gani una prasta ya hosipitari?" Akili yake ilikuwa imetoboka hapa na pale, lakini palipobaki palikuwa na meno. Nikashindwa kumdanganya mara ya pili. Nikamwambia yote, kwamba ni kipande cha ngozi, kimechukuliwa na watu wa utafiti, ili wajue ugonjwa wa kusahau unatoka wapi.

Hakunigombeza. Alishuka kwenye kiti, akapiga magoti, akaanza kutafuta sakafuni. Alipapasa chini ya meza, chini ya kabati, kwenye pembe za mkeka. "Kiko wapi? Umekipereka wapi?" Nami nikapiga magoti kando yake, nikatafuta kitu nilichojua hakipo, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa: kisipopatikana, hakuna anayeinuka.

Baada ya nusu saa alikuwa amesahau. Kesho asubuhi aliiona plasta tena, akaniuliza tena, na ikabidi niungame upya.

Ndivyo tulivyoishi wiki zile. Mimi ambaye sikumuuliza hata mara moja, nikawa naulizwa kila siku, na kila siku namweleza tangu mwanzo. Majibu yake hayakuwa mamoja. Siku nyingine alinisikiliza kwa makini, akasema, "Kama itasaidia mtoto wa mtu, sawa." Siku nyingine alicheka: "Ngozi ya mzee kama mimi? Hao watu hawana kazi, bana." Na kuna siku aliushika ule mkono kifuani kama mtoto mchanga, akasema, "Rudisha. Rudisha reo." Nilianza kuandika kwenye kalenda ya ukutani jikoni, herufi moja ya ndio au ya hapana kwa kila siku, nikitumaini nitaona upande mmoja umezidi. Kalenda ilikaa pale ikinitazama, ndio na hapana zimechanganyika kama maharagwe ya mbegu mbili, na sikujua ni lipi kati ya majibu yale lilikuwa la mama yangu.

Katikati ya hayo kaka akapata habari. Sijui nani alimwambia, pengine ni mimi mwenyewe na mdomo wangu.

"Umepeana ngozi ya mama na hujauliza mtu?" akaniambia kwenye simu. "Wewe unajua vizuri vile mama aliogopa. Sasa akienda, tutazika mtu amepungua?"

"Wewe umeng'olewa meno matatu Bungoma," nikamjibu. "Utazikwa aje?"

"Meno yangu niling'oa mimi. Niliulizwa."

Nilikata simu kwa hasira, lakini hasira ile haikuwa juu yake. Alikuwa amesema kweli. Nilikaa pale jikoni nikijiona msichana mdogo aliyepewa nywele za mama yake azilinde, akakimbilia mahindi.

Siku ya pili nilimpigia muuguzi nikamwambia kwamba nilidanganya.

"Anti, si ungeniambia."

"Najua. Nisamehe."

"Ngozi ya shosho iko kwa baridi, haijaguswa. Sitawaruhusu waanze kuibadilisha. Ukisema itupwe, itatupwa, hakuna mtu atakuuliza sababu. Lakini kaa na yeye, muongee. Mwisho wa mwezi uniambie."

Basi nikawa nangoja siku nzuri. Lakini kidonda kilipona. Plasta ilitoka, likabaki kovu dogo la mviringo ambalo mama hakuliona, na swali lake likakoma. Ungedhani ningepumua. Badala yake niliogopa zaidi, kwa kuwa sasa hakuna aliyeniuliza na ilikuwa juu yangu mimi kuanza. Kila asubuhi nilijiambia kesho, na mwezi ukawa unakwisha.

Jumamosi ya mwisho kulikuwa na jua zuri baada ya mvua. Nilimtoa mama nje, nikamketisha kwenye kiti karibu na nyasi, nikatandika leso miguuni pake. Nilitaka kumkata kucha, zilikuwa zimekua. Nilianza na mkono wa kulia, na bila kufikiri nikawa nahesabu kwa sauti, kama alivyokuwa akituhesabia. Nilipofika tatu, nikasikia sauti yake inahesabu pamoja na yangu. Alikuwa anahesabu kwa Kibukusu.

Sikuinua kichwa, niliogopa nitamshtua. Tulihesabu mpaka kumi za mikono, tukaenda kwenye miguu. Nikakata ukucha wa kidole gumba, ukaruka nyasini. Mwili wangu ukaanza kushuka wenyewe, magoti chini, mikono inachambua majani.

"Wacha," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mama, mmoja umeruka."

"Upepo umechukua. Upepo nao una kazi gani na kucha zangu?"

Alisema hivyo kwa lugha yetu, kwa utulivu kabisa, akiangalia nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Nilibaki pale chini nimemtumbulia macho. Mwanamke yule, ambaye alitupigisha magoti alasiri nzima kwa ajili ya ukucha wa kidole kidogo, alikuwa anatikisa mguu ili nimalizie vidole vingine.

Nilimaliza. Kisha, nikiwa bado nimepiga magoti, nikamwambia. Nilimwambia kwa Kibukusu, taratibu, bila kuficha kitu: kwamba nilimdanganya siku ya sindano, kwamba kipande cha ngozi yake kiko kwa madaktari, kwamba wanataka kujua kilichomchukua bibi, na kwamba wanaomba wabaki nacho. Nikamwambia akikataa watakitupa leo.

Alikusanya kucha katikati ya leso kwa kiganja. Ilimchukua muda, vidole vilikuwa havimtii. Alizitia kwenye ncha ya leso, akafunga fundo, akalikaza kwa meno, akaivuta leso nzima akaniwekea mikononi.

"Wapelekee na hizi," akasema. "Kipande kimoja kitawatosha nini?"

Akacheka, kile kicheko chake cha kuwaongeza wateja kidogo juu ya kipimo. Nilikuwa sijakisikia tangu Myanga.

Nilimpigia muuguzi mchana ule nikamwambia waendelee. Hilo sijalijutia. Lakini mpaka leo, nikikaa peke yangu, najiuliza kama mama aliniruhusu au alisahau tu kuogopa. Nimelizungusha swali hilo kila upande na sijapata pa kulishika. Kitu kimoja ninakijua. Aliyesahau kuuogopa upepo, amezisahau pia zile nywele za mama yake. Mzigo aliokuwa ameubeba tangu utotoni, ambao nilitaka madaktari wamtue, ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshamtua, nao haukuomba ruhusa ya mtu. Nilifurahi kwa ajili yake, nikalia pia, kwa kuwa sasa nilikuwa nimebaki mimi peke yangu ninayeikumbuka siku ile ya upepo, ambayo hata sikuwepo.

Kucha sikuzipeleka kliniki, wangezifanyia nini? Nilizunguka nyuma ya nyumba na leso mkononi mpaka choo cha shimo, nikafungua fundo, nikazitumbukiza. Nikasimama mlangoni nikisikiliza.

Niliporudi, mama alikuwa bado juani.

"Wamepokea?" akaniuliza.

"Wamepokea, mama. Wanasema asante."

Akaridhika, akafumba macho. Nami nikarudi kwenye nyasi, nikapiga magoti, nikaendelea kuutafuta ule mmoja ulioruka.